Kutosikia Kitu Si Kupona

Muhula wa pili wa mwaka wa kwanza kulizuka uvumi kwenye bloku yetu. Dada mmoja alikuja chumbani kuazima pasi, akainama kuitafuta chini ya kitanda changu, akakutana na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo kulikuwa na sindano zilizokwisha kutumika. Hakuuliza kitu. Alichukua pasi, akaaga vizuri, na kufikia jioni ghorofa nzima ilikuwa inajua kwamba yule wa chumba cha mwisho anajidunga. Teja. Kumbe ndiyo maana amekonda vile.

Ningeweza kulimaliza jambo lile kwa sentensi moja: nina kisukari, hizo ni sindano za insulini. Sikuisema. Nilikuwa na miaka 20, nilitaka kuwa kama wenzangu, na nilijiambia kuwa siku chache bila sindano haziwezi kuniua, mbona najisikia vizuri tu. Siku ya tatu usiku nilibebwa kwenye bajaji nikiwa sijui hata jina langu.

Naandika haya kwa sababu nina hakika siko peke yangu hapa chuoni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba Watanzania 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linasema zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huu barani Afrika hawajui kama wanao. Kwa hiyo kila mmoja wetu ana mtu: mzazi, shangazi, mwenzake wa chumba, au yeye mwenyewe. Swali ninalotaka kulijibu ni moja. Kisukari kisipotibiwa, kinafanya nini hasa ndani ya mwili? Nitalijibu kwa watu wawili ninaowajua vizuri. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni baba yangu mdogo.

Siku tatu zangu

Siku ya kwanza bila insulini sikuona tofauti yoyote zaidi ya kiu. Nilikaa kwenye kimbweta na wenzangu tukajadili mitihani iliyopita, nikawa nakwenda bombani kila baada ya muda mfupi. Siku ya pili niliamka usiku mara tano kwenda chooni. Asubuhi chakula kilinishinda, kichefuchefu kikaanza, nami nikafanya hesabu yangu ya kijinga: kama sili, sukari itatoka wapi? Insulini ya nini sasa? Siku ya tatu nilitapika mfululizo, tumbo likauma kama linasokotwa, na nikaanza kupumua haraka tena kwa kina, kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa kumi, ingawa nilikuwa nimelala.

Wenzangu walihangaika kwa nia njema. Mmoja alisema ni malaria, akatoka kwenda kununua dawa mseto. Mwingine akalaumu maharage ya kantini. Wa tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba labda ni mambo ya nyumbani kwetu, nipelekwe kwa wazee. Hakuna hata mmoja aliyewaza sukari, na wangeiwazaje wakati nilikuwa nimewaficha? Hospitali, nesi aliinama karibu na mdomo wangu, akasikia harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, akanitoboa kidole. Mashine ya sukari haikuandika namba. Iliandika HI, yaani sukari imepanda kupita uwezo wa mashine kuisoma.

Kilichotokea ni hiki. Ugali, wali, chapati na ndizi vyote vikishasagwa tumboni vinakuwa glukosi, sukari inayosafiri kwenye damu. Damu ni barabara tu. Chembe za mwili, za misuli na viungo vingine, ndizo zinazoihitaji ile sukari. Sasa fikiria kituo cha daladala asubuhi. Abiria wamejaa, magari yanapita, lakini milango imefungwa na hakuna konda wa kuifungua. Abiria wanazidi kurundikana kituoni huku magari yanaenda tupu. Insulini ndiyo konda. Inatengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, na kazi yake mojawapo kubwa ni kufungua milango ili sukari iingie mwilini.

Katika kisukari aina ya kwanza, ambacho ndicho changu, kinga ya mwili yenyewe imeziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Konda hayupo kabisa. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi zaidi, konda yupo lakini milango imekuwa migumu. Analazimika kutumia nguvu nyingi kuifungua, na baada ya miaka na yeye anachoka.

Bila insulini, chembe zinabaki na njaa katikati ya sukari nyingi. Mwili unadhani kuna ukame, unaanza kuyeyusha mafuta yake. Mafuta yakiyeyushwa kwa wingi namna hiyo yanazalisha ketoni, na ketoni ni asidi. Damu inachachuka. Ile harufu ya matunda ni ketoni. Kule kupumua kwa kina ni mwili unajaribu kuitoa asidi kwa njia ya mapafu. Wakati huohuo ini linaendelea kumimina sukari kwenye damu hata kama hujala kitu, na hapo ndipo hesabu yangu ilipokosea. Figo nazo zinaikojoa sukari pamoja na maji na chumvi, mpaka mtu anakauka. Asipopata matibabu anapoteza fahamu, kisha anakufa. Inachukua siku chache tu, na kwa mgonjwa aliye dhaifu au mwenye homa inaweza kuwa saa.

Kabla ya insulini kupatikana, huu ndio uliokuwa mwisho wa karibu kila mtoto mwenye kisukari kama changu. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa alikuwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na uzito wa chini ya kilo 30, amebaki mifupa. Ilikuwa Januari 1922. Aliishi miaka 13 zaidi. Ndiyo maana Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting. Mimi nilikuwa na dawa hiyohiyo kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda, na nikaiacha kwa sababu ya maneno ya watu.

Nililazwa siku tano. Mitihani miwili ya UE ilinipita, nikaifanya wakati wenzangu wanafanya sapu.

Miaka saba ya baba mdogo

Baba mdogo ni fundi seremala, Morogoro. Nilikuwa darasa la sita alipokwenda kupima bure uwanjani, akaambiwa sukari yake ni 14. Ili uelewe namba hiyo: kwa mtu asiye na kisukari, asubuhi kabla hajala, sukari huwa kati ya 4 na 6 hivi. Ikifika 7 au zaidi kabla ya kula, na kipimo kikarudiwa siku nyingine kikasema vilevile, hicho ni kisukari. Kwa mtu mwenye dalili, 11.1 au zaidi wakati wowote inatosha.

Alipewa vidonge vya metformini, akaambiwa apunguze soda na chai ya sukari, atembee. Alifuata. Baada ya miezi minne kiu iliisha, akaacha kuamka usiku kwenda chooni, nguvu za kushika randa zikarudi. Akaacha vidonge. "Nimepona," alituambia. Miaka mitatu baadaye, mimi nikiwa kidato cha pili, nikagundulika na yangu. Kila alipoona nachoma sindano alinionea huruma kweli. "Yako kubwa, mwanangu," alisema. "Yangu ilikuwa ndogo, ile ya vidonge."

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, maana kosa lake ndilo kosa la watu wengi.

Figo zina kawaida ya kuirudisha sukari kwenye damu isipotee kwenye mkojo. Lakini uwezo wao una kikomo. Sukari ikizidi 10 hivi, figo zinashindwa, inaanza kumwagika kwenye mkojo na kuvuta maji. Hapo ndipo mtu anakojoa sana, anapata kiu, anakonda. Sasa angalia: kisukari kinaanzia 7, lakini kiu inaanza baada ya 10. Kati ya namba hizo mbili mtu anaweza kuishi miaka na asisikie kitu chochote. Hana kiu, hana maumivu, anapiga kazi, anacheza bao na rafiki zake jioni. Na hata juu ya 10, ikipanda taratibu, wapo wanaozoea.

Kwa hiyo kiu ya baba mdogo ilipoisha, haikumaanisha kwamba amepona. Ilimaanisha kwamba dawa zimeishusha sukari chini ya kile kikomo. Alipoziacha ilipanda tena taratibu, na mwili haukumpigia kengele.

Mwaka wa saba, nikiwa kidato cha sita, aliona matone ya damu kwenye sakafu ya karakana yake. Akayafuata kwa macho mpaka kwenye kandambili yake mwenyewe. Msumari wa inchi mbili ulikuwa umetoboa kandambili na kuingia kwenye unyayo. Alikuwa ameutembelea asubuhi nzima. Hakusikia maumivu.

Kidonda alikiosha kwa maji ya chumvi. Kisha akapaka dawa aliyouziwa na mtu kwenye basi. Baada ya miezi miwili kidole gumba kilikuwa cheusi na karakana inanuka. Alipofika hospitali uoza ulikuwa umeshapanda. Walimkata chini ya goti.

Soda iliyomwagika

Kwa nini mtu akanyage msumari asisikie? Umewahi kumwaga soda kwenye kimbweta ukaiacha ikauka? Ukirudi kesho, karatasi zinanata. Sukari ikikaa kwenye damu kwa wingi, siku baada ya siku, nayo inanata: inajishika kwenye protini za mwili na kuziharibu. Kuta za mishipa ya damu zinakuwa nene na ngumu, nyingine zinavuja, nyingine zinaziba. Kile kipimo cha miezi mitatu kinachoitwa HbA1c kinapima hasa huku kunata, yaani ni kiasi gani cha sukari kimejishika kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Ndiyo maana mtu anaweza kujinyima siku mbili kabla ya kliniki, kipimo cha kidole kikatoka kizuri, halafu HbA1c ikamuumbua.

Mishipa midogo kabisa ndiyo huanza kuumia, na iko sehemu tatu ambazo hatuwezi kuishi vizuri bila hizo.

Ya kwanza ni macho. Ndani ya jicho, nyuma, kuna utando unaopokea picha, na umejaa mishipa myembamba kuliko unywele. Ikivuja na kuziba, mwili unaotesha mingine dhaifu ambayo nayo hupasuka. Mwanzoni mtu anaona kama kawaida. Anapoanza kuona ukungu au nukta nyeusi zinaelea, mara nyingi uharibifu umekwenda mbali. Kisukari ni moja ya sababu kubwa za upofu kwa watu wazima walio kwenye umri wa kufanya kazi, na sehemu kubwa ya upofu huo huzuilika kwa kupimwa macho kila mwaka na kutibiwa mapema.

Ya pili ni figo. Zenyewe ni chujio la mishipa midogo. Chujio likiharibika linaanza kupitisha protini kwenye mkojo, kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho bali kwa kipimo. Miguu kuvimba na mkojo kupungua huja mwishoni kabisa. Figo zikishakufa, kinachobaki ni kusafisha damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Familia ngapi zimeuza kiwanja kwa ajili ya hilo, tunazijua.

Ya tatu ni mishipa ya fahamu. Inaanzia kwenye vidole vya miguu: ganzi, kuwaka moto usiku, kuchomachoma kama pini, kisha kimya. Kimya hicho ndicho cha kuogopa. Madaktari wa Dar es Salaam waliandika kwenye jarida la kitabibu mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasisikie, wakaamka na vidonda. Kwa mwenye ganzi, msumari, kokoto kwenye kiatu, maji ya moto, vyote ni hatari. Na kwa kuwa damu haifiki vizuri na kinga ya mwili imepungua, kidonda kidogo kinaoza.

Mishipa mikubwa nayo haisalimiki. Mtu mzima mwenye kisukari ana hatari mara mbili hadi tatu zaidi ya kupata shambulio la moyo au kiharusi kuliko asiye nacho, hasa kama ana presha au anavuta sigara. Na kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa ganzi, wengine wanapata shambulio la moyo bila yale maumivu makali ya kifua. Wanahisi uchovu na jasho tu.

Yapo na mengine ambayo watu hawayaunganishi na sukari. Mwenye kisukari ana hatari mara mbili hadi tatu zaidi ya kuugua kifua kikuu, ugonjwa ambao kwetu bado upo sana. Fizi zinaoza, meno yanalegea. Fangasi za sehemu za siri hazikomi. Mjamzito asiyedhibiti sukari anaweza kupoteza mimba au kujifungua mtoto mkubwa kupita kiasi, kwa shida. Na makaka zangu, nguvu za kiume: zinategemea mishipa ya damu na ya fahamu, vyote viwili ambavyo kisukari kinaviharibu. Kabla hujamtumia hela yule wa matangazo ya kwenye nguzo za umeme, pima sukari kwanza.

Kwa nini watu wanaacha dawa

Sitaki kumlaumu baba mdogo, maana hata mimi niliyaona yake yote na bado nikaacha sindano. Sababu ninazozisikia mara kwa mara ni hizi.

"Nimepona." Hili tumeshalijibu. Wapo watu wa aina ya pili ambao wakipunguza uzito sana sukari inarudi kawaida hata bila dawa, lakini hilo linajulikana kwa vipimo na kwa kufuatwa na daktari, na hata hao wanaendelea kupimwa, maana inaweza kurudi.

"Dawa za sukari zinaua figo." Watu wanaona mtu alimeza vidonge miaka kumi, kisha figo zikafa, wanakilaumu kidonge. Mara nyingi kilichoziua ni sukari na presha zisizodhibitiwa. Ni kweli kwamba figo zikishadhoofika sana daktari hupunguza au hubadilisha baadhi ya dawa, metformini ikiwemo. Hiyo ni sababu ya kwenda kliniki, si ya kuikimbia.

"Ukianzishiwa sindano ujue ndiyo mwisho." Katika aina ya pili kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na wengi hatimaye huhitaji insulini. Si adhabu wala si kifo. Mimi nachoma tangu nina miaka 15.

"Nimepata dawa ya asili." Mlonge, bamia, majani ya mwembe, kila mtu ana yake. Sikatazi mtu kula mboga. Ila hakuna mti wowote unaoweza kushika nafasi ya insulini kwa mtu wa aina ya kwanza, na anayekwambia uache dawa zako ili yake ifanye kazi, hatakuwepo siku unatapika.

Na hela. Hii ndiyo sababu nisiyoweza kuicheka. Bumu likichelewa, vijiti vya kupimia ndivyo vya kwanza kukosekana. Kama umefika hapo, usikae kimya na usigawanye dozi kwa siri. Kamwambie daktari. Zipo insulini za bei nafuu zaidi, zipo kliniki zenye msaada kwa vijana, na Chama cha Kisukari Tanzania kipo.

Je, tiba inasaidia kweli?

Inasaidia, na kuna ushahidi. Marekani na Kanada waliwafuatilia watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza kuanzia mwaka 1983 hadi 1993. Waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza hatari ya kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76, ya mishipa ya fahamu kwa asilimia 60, na figo kwa asilimia 50 hivi. Uingereza nayo ilianza utafiti wa aina ya pili mwaka 1977 na kutoa matokeo mwaka 1998: kushusha HbA1c kwa kiasi kidogo tu, kutoka wastani wa 7.9 hadi 7.0, kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo. Huhitaji kuwa malaika wa sukari. Kila namba unayoishusha inahesabika.

Nifanye nini leo?

Kama unakojoa sana, una kiu isiyoisha, unakonda huku unakula, unaona ukungu au una kidonda kisichopona, kapime leo. Usisubiri UE ziishe. Kama huna dalili lakini nyumbani kuna mwenye kisukari, au una kitambi, au una presha, kapime pia. Ni tone moja la damu.

Kama tayari unacho, usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri, na kwa mwenye kuchoma insulini, usiiache hata siku usipokula. Siku ya homa au ya kutapika ndiyo siku ya kupima zaidi na kuwahi hospitali. Tazama miguu yako kila jioni, chini ya unyayo na katikati ya vidole. Usitembee peku.

Kama mwenzako wa chumba anacho, jua mambo mawili. Akitetemeka, akatoka jasho, akaanza kuongea ovyo, inawezekana sukari imeshuka: mpe soda ya kawaida au juisi yenye sukari mara moja. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Na akitapika huku anapumua kwa kina, usianze na malaria. Sema neno "kisukari" kwa nesi wa kwanza unayemwona.

Kwa Wizara ya Afya ya serikali yetu ya wanafunzi nina maombi matatu, na yote ni ya gharama ndogo. Zahanati iwe na vijiti vya kupimia sukari muda wote. Kila hosteli iwe na friji moja yenye kufuli kwa ajili ya insulini, kwa sababu kichupa kilichofunguliwa kinavumilia wiki nne hivi mahali pasipo na joto kali, lakini akiba inahitaji ubaridi. Na wasimamizi wa mitihani waambiwe kwamba mwenye kisukari kuingia na pipi na mashine yake siyo kuingia na kibomu.

Siku niliyotoka hospitali baba mdogo alinipigia simu. Macho yake sasa hayasomi ujumbe, inabidi apige. Nilitegemea atanigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi Mungu alinipa miaka saba ya kujirekebisha. Wewe alikupa siku tatu." Halafu akaniuliza kama nimeshachoma ya jioni. Nilikuwa bado. Akasubiri kwenye simu mpaka nikamaliza.

Kopo la maziwa ya unga bado ninalo, kwa sababu sindano zilizotumika hazitupwi ovyo. Lakini halikai tena chini ya kitanda. Liko juu ya meza, na nimeliandikia kwa kalamu ya wino mzito: SINDANO ZA INSULINI, ZA KISUKARI. Yule dada wa pasi tunaishi chumba kimoja mwaka huu. Saa moja jioni nikichelewa, yeye ndiye anayenikumbusha.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu.